Madai ya Kurudishiwa Mama Aliyechukuliwa na Zabibu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Tamasha la Mavuno ya Zabibu,
Kijiji cha Luhangani.

YAH: KURUDISHIWA MAMA MZAZI

Mzee Kajetani, shikamoo.

Naandika barua hii nikiwa na akili timamu na shati lisilopigwa pasi. Nitakueleza huko mbele mambo hayo mawili yanavyohusiana.

Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja hapa Songea mjini. Nakaa Bombambili na mke wangu Dorine pamoja na watoto watatu. Tangu baba afariki tulikuwa tukiishi na mama yangu, Notburga, mjane mtulivu mwenye magoti mabovu. Mama alikuwa anaamka kabla yetu, anachemsha chai, anawapeleka watoto shule, anachambua maharage, anapika, anapiga pasi, na jioni anafunga geti. Hakuwa na neno. Ukimwuliza ameamkaje, anakujibu, "Magoti tu, baba." Tuliishi vizuri sana. Nasema tuliishi, maana yamepita, na lawama naileta kwako.

Redio ilitangaza tamasha lenu ikasema, "Njooni wote, na wazee wenu msiwaache nyumbani." Nikaamini. Mimi na Dorine tukampandisha mama kwenye basi pamoja na kiti chake cha kukunja na chupa ya chai, nia yangu ikiwa akae kivulini, atazame watu, kisha turudi naye. Yaliyotokea nayapanga kwa namba ili kamati yako isipate shida kuyajibu.

1. Kuhusu magoti. Mlikuwa mmeweka mapipa yaliyokatwa nusu, yamejaa zabibu, na yule mama Kunegunda, kiongozi wa kikundi chenu cha ngoma ya lizombe, akawa anaita watu waingie wakanyage. Wakaingia vijana, sawa. Mimi nikaenda kununua maji. Niliporudi nikakuta kiti cha mama kina viatu tu. Mwenyewe alikuwa ndani ya pipa, gauni amelikusanya mkononi, juisi imemfika magotini. Nikamwambia, "Mama, magoti." Akanijibu, "Yamo humu humu, baba. Yanapoa." Tangu siku ile hayajauma tena. Mzee Kajetani, nyumba yetu ilikuwa imejipanga kwa kuyategemea magoti yale. Mzee asiyeumwa popote utamwambia abaki nyumbani kwa sababu gani?

2. Kuhusu chakula. Mlipika ugali wa muhogo, samaki wa Nyasa, na majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Chakula chenyewe sina ugomvi nacho, na nilikirudia. Ugomvi wangu ni kwamba Kunegunda alimwomba mama aonje mboga, mama akasema karanga zimetangulia mno, na hapo hapo akakabidhiwa mwiko. Watu walipokula wakauliza sufuria ile kapika nani. Mama akaonyeshwa. Wakampigia makofi. Makofi, Mwenyekiti, kwa mboga za majani. Sisi tumekula mboga ile ile miaka yote bila kupiga hata kofi moja, na mama hakuwa anajua kwamba ni kitu cha kupigiwa. Tangu siku ile, akishatenga chakula akawa haondoki. Anasimama kidogo pale mlangoni. Anatutazama tu, na sisi mikono yetu ina ugali.

3. Kuhusu ngoma. Ilipopigwa lizombe, mama alianza na bega. Niliona. Nikamwambia Dorine, "Mshike mama twende, basi litatuacha," lakini tulikuwa tumeshachelewa, bega lilikuwa limekwishauita mwili mzima. Nikaingia uwanjani kumtoa kwa heshima. Ngoma ikanizunguka, filimbi zikanichanganya, nikatokea upande wa pili peke yangu, bila kofia. Mama nilimwacha katikati, anaongoza.

Ndani ya basi, tukirudi, nikamwuliza mama alijifunzia wapi. Akasema, "Nilikuwa naongoza kabla baba yako hajanioa." Nikamwuliza mbona hajawahi kutuambia. Akasema, "Mlikuwa hamjauliza," akaegemea dirisha, akalala. Mimi sikulala. Nimefanya kazi masijala tangu ujana wangu, na nilidhani faili la mama ninalo lote. Karatasi ile haikuwemo.

4. Kuhusu simu. Kijana Daimu, yule muuza korosho wa kutoka Tunduru aliyekuwa na meza karibu na mapipa, alimrekodi mama na kuisambaza video. Mkuu wangu wa kazi, ambaye miaka yote alikuwa akiniita "wewe wa mafaili", sasa ananiita "mtoto wa yule mama". Waendesha bodaboda wa kijiweni kwetu wakawa wanamwamkia mama kwa bega, na yeye anaitikia kwa bega, barabarani, mchana kweupe, huku amebeba mchicha. Nilimpigia Daimu kumtaka aifute. Akaniambia kwa adabu, "Kaka, inshallah nitaifuta, lakini bibi yangu huku Tunduru bado hajamaliza kuitazama."

5. Kuhusu Alhamisi iliyopita. Hapa ndipo subira yangu ilipokatika. Kunegunda alikuja nyumbani kwangu na gari aina ya Noah lililojaa akina mama wanaoimba. Wamealikwa kucheza Mbinga kwenye sherehe ya wakulima wa kahawa, kisha waendelee hadi Mbamba Bay. Mama akatoka na begi. Begi lilikuwa limekwishafungwa, Mwenyekiti, maana yake mpango ulikuwepo. Nikamwuliza, "Na watoto, mama?" Akasema, "Wana baba yao." Dorine akacheka. Jambo hilo nalishughulikia ndani ya ndoa. Nikauliza tena, "Utarudi lini?" Akasema, "Tukichoka," na gari zima likacheka, likaondoka.

Tangu hapo tumegundua kwamba kumbe nyumba ile ilikuwa inafanywa na mtu. Maharage yameungua. Geti linalala wazi. Mtoto wa mwisho amekwenda shule na sweta la dada yake na begi lenye rimoti ya televisheni. Pasi niliishika mwenyewe, na kwapani mwa shati langu mna alama ambayo ofisini wanasema inafanana na ramani ya Ziwa Nyasa, ndiyo maana leo, kwa akili timamu, nimevaa lisilopigwa pasi.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Mama arudishwe katika hali niliyomleta nayo, magoti yakiwemo. Ikishindikana, kamati itupatie mama mwingine wa kiwango kile kile, mwenye maumivu ya kudumu, mahali popote mwilini tutakapokubaliana. Zabibu zenu zikanyagwe na watu wasiotegemewa majumbani. Tangazo la redio liongezwe onyo: "Ndugu msikilizaji, mzee wako anaweza kurudi akiwa mtu." Na kama onyo hilo litawafukuza wateja, basi mizabibu ing'olewe yote na mahali pake pandeni mahindi. Katika maisha yangu sijaona mahindi yakimchezesha mjane.

Nisalimie wanakamati wote, wapiga ngoma wote, na mama aliyenigawia samaki mara ya pili. Kunegunda naye msalimie, ila kwa shingo upande. Aliyeokota kofia yangu, Mungu ambariki, na aitunze.

Ni mimi ninayedai kwa unyenyekevu,

Sixbert Luambano,
Bombambili, Songea.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha jana. Kisha mtoto wa mwisho akasema amemkumbuka bibi, anataka kumwona anavyocheza. Simu haikuwa na chaji, ikabidi nimwonyeshe mimi. Dorine akapindua ndoo, akapiga. Jirani wakaja kulalamikia kelele, wakabaki. Naomba basi, Mzee wangu, uyaweke kando yote ya juu, umpigie Kunegunda, umwambie mama asiharakishe kurudi kwa ajili yetu. Sisi ndio tunaomfuata. Tutakuwa Mbamba Bay Jumamosi, wote watano, na jirani wawili. Ila kabla hatujafika, tusije tukamwaibisha mbele za watu, mwulize jambo moja: pale anapogeuka, anaanza na mguu upi? Tumejaribu yote miwili, na Dorine anasema mimi nina wa tatu.