Vita Vyangu na Ghorofa ya Njau

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Msiba! Mama Kagwe, mwenye ploti yetu hapa Kiganjo, amebandika karatasi kwenye geti. Kodi inapanda kutoka elfu saba hadi elfu tisa kuanzia Desemba. Na maji yenyewe huja mara mbili kwa wiki! Mke wangu Mwelu amesema mshahara wangu wa kiwandani hautafika huko. Tutahamia Membley, chumba cha nyuma kwa kaka yake Kyalo. Kyalo! Mtu anayeombea chai mpaka inapoa. Nitakufa huko.

Jumanne, 4 Novemba
Nimemjua mchawi. Ni ghorofa mpya ya Njau, ng'ambo ya barabara. Itajaa watu wa Nairobi wenye laptopu, watalipa bei yoyote, na Mama Kagwe ameshanusa. Dawa ni mbili: serikali ifunge kodi zote za Kiganjo zisipande, na ghorofa isifunguliwe. Nimemwandikia chifu ombi, kurasa mbili. Mwelu ameuliza, nyumba zikiwa nyingi, mwenye ploti atampandishia nani? Nimemwambia uchumi hauzungumzwi mtu akikaanga vitunguu.

Jumatano, 5 Novemba
Ombi ni kama kadi ya harambee. Jina la kwanza likiwa zito, wengine wanaona haya kukataa. Kwa hivyo nimempelekea Mama Kagwe mwenyewe! Nilikata kwanza ile sehemu ya kufunga kodi, kwa heshima. Akasoma. Akasoma tena. Akaniita mwanawe, akanipa chai na mandazi, akatia sahihi kubwa. Hata fotokopi amelipia. Kumbe ni mama mzuri, anataka tu kuongeleshwa vizuri.

Jumamosi, 8 Novemba
Sahihi kumi na moja! Zote za wenye ploti wa mtaa huu, watu wazito. Wapangaji ndio waoga. Nelima wa nyumba namba tatu ameniuliza kama nimerogwa. Eddie fundi viatu akasema kwa Njau maji yatakuwepo kila siku, akanicheka mbele ya watu. Wivu.

Jumatatu, 17 Novemba
Chifu amesema Njau ana vibali vyote vya ujenzi. Kisha akaniuliza nina ploti ngapi. Nikasema sina hata moja. Akahesabu zile sahihi upya.

Ghorofa imefunguliwa. Bango linasema nyumba kama yetu ni elfu sita na nusu. Ujanja wa biashara. Hawanipati.

Jumapili, 23 Novemba
Nelima amehama. Eddie amehama. Wengine wawili wanapakia magodoro. Mwelu alivuka barabara kuangalia, akarudi akisifu sinki ya jikoni. Nimekataa katakata, siwezi kulala kwa adui. Ameanza kupanga vyombo kwenye maboksi. Amesema nichague, Njau au Kyalo.

Jumamosi, 29 Novemba
Mungu ni mkubwa! Mama Kagwe amebandua karatasi! Kodi inabaki elfu saba, na tukikubali kukaa mwaka mzima, ni elfu sita na nusu. Fundi analeta tangi la maji. Maskini, nyumba nne ziko tupu, na alimshika Mwelu mkono akimsihi tusiende.

Nimekaa kitandani nikapumua vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu. Hatuendi Membley! Kyalo aombee chai yake peke yake. Mwelu anatoa sufuria kwenye maboksi akiimba, nami nimecheka mpaka machozi yakanitoka. Sijui mara ya mwisho nilikuwa na raha hivi ni lini.

Kilichomlainisha mama ni ombi langu, bila shaka. Tangu siku ile ananiheshimu.

Jumatatu, 1 Desemba
Balaa! Simeon wa hadiwea, muuza vifaa vya ujenzi, amemwaga kokoto kwenye kiwanja cha jirani. Ghorofa nyingine, orofa nane! Mama Kagwe amekuja mlangoni asubuhi karibu kulia. Nimemwambia atulie, mimi nipo.

Mwelu ameniomba niiache kalamu. Nikamuuliza, kwani ni nani aliyetushushia kodi? Akacheka mpaka akaketi sakafuni. Furaha hiyo. Niko ukurasa wa tatu wa ombi jipya.