Wote Watakugeuka

Jumatatu, 3 Machi
Naogopa. Mama Tajiri, mwenye udobi huu, ametangaza kuwa Ijumaa atabaki mpiga pasi mmoja. Mimi au Kidevu. Kidevu anajua kunyoosha kola. Mimi najua kutetemeka.
Lakini nimepata manukato! Kibandikoni: "Jipulizie, wote watakugeuka." Dada amesoma, akacheka, akasema hiyo si kugeukia, mdogo wangu, hiyo ni kugeuka. Nikamwambia ni i moja tu imedondoka, asinitie nuksi.

Jumanne, 4 Machi
Nilijipulizia nyumbani. Kufika kazini, harufu imeshaniaga! Nimebaki na jasho langu la kila siku. Mama Tajiri kapita bila kugeuza hata shingo.
Basi, kama hayakai mwilini, yatakaa kwenye nguo. Nimetia kidogo katika maji ya kunyunyizia, nikapigia pasi shati la muuza nyama, mteja wetu mkubwa kwa kila kipimo. Atanisifu, nami nitajifanya mnyenyekevu.

Jumatano, 5 Machi
Yamekaa! Ole wangu, yamekaa!
Mke wa muuza nyama kaja na shati mkononi, anauliza hawara anayenukia hivi ni nani. Kalifua na kulifua tena, wapi! Mume kafukuzwa, amelala kwa mama yake. Ameapa kwamba akimjua aliyemponza, atampima kwenye mizani, vipande vipande. Nilisikia yote nikiwa nyuma ya mashuka, nimeuma mto wa mteja.

Alhamisi, 6 Machi
Kila anayekohoa nje ni muuza nyama.
Nimepata njia. Nimeimwagia manukato aproni ya Kidevu pale msumarini. Mke kaahidi kurudi kesho na mumewe atunuse sote; akinusa hiyo, Kidevu atakwenda na maji. Namhurumia. Si sana.

Ijumaa, 7 Machi
Kidevu kachelewa. Mama Tajiri kashika zamu yake, kavaa aproni ya Kidevu!
Muuza nyama na mkewe wakaingia. Mke akanusa, akanusa tena, akamwambia Mama Tajiri kumbe ni wewe, mtu mzima ovyo. Muuza nyama akaapa kwa mama yake mzazi. Mama Tajiri akashika pasi. Mimi nilitetemeka mpaka chupa ikanidondoka mfukoni.
Wote wakanigeukia. Halafu wakanigeuka.
Nimetorokea dirishani. Kazi kabaki nayo Kidevu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejificha kwa dada. Muuza nyama ananitafuta mtaa kwa mtaa.
Kwa bahati, muuza manukato kapita. Kasema kosa langu ni kuchanganya na maji, akanipa chupa ya namna nyingine. Kibandikoni: "Adui zako watakukimbilia." Dada kasoma, safari hii hakucheka. Kaninyang'anya, nimeinyakua. Ni silabi moja tu imezidi! Maana yake watakukimbia, mtoto mdogo anajua.
Nimejimwagia yote. Roho imetulia.
Nasikia vishindo vya mtu mzito anakuja mbio. Bila shaka anapita tu.