Vita vya Radi na Gego la Chini Kushoto

Sogezeni viti, enyi wenye meno na enyi mliobakiwa na ufizi, na anayetafuna asite kidogo, maana hii ni habari ya Radi, dalali wa mnada, bwana wa kipaza sauti, muuza makabati yasiyo na milango na friji zisizogandisha, na jinsi alivyoliendea vitani gego lake mwenyewe, likamrudisha nyumbani, akaliendea tena, likamrudisha tena.

Gego hilo lilikuwa limeoza kwa miaka, na Radi alilidharau kama alivyodharau bei ya kwanza. Likalipiza. Taya likakaza, maneno yakawa yanatoka yamepinda, na mbele yake ulikuwa mnada mkubwa kuliko yote aliyowahi kupewa: samani zote za hoteli iliyofungwa. Mwenye kampuni alikwisha kusema wazi kwamba kinywa hicho kisipopona, kipaza sauti atakishika Kasuku, shemeji yake Radi, mtu aliyemwiga kila kitu, hata kikohozi. Radi angeweza kustahimili kifo. Kasuku, hapana.

Basi akajivika shati la mnada, akatinga kliniki ya meno kama mtu anayekwenda kupokea mji uliosalimu amri. Muuguzi akamfunga mkononi kitambaa cha mashine ya presha, nacho kikavimba, kikambana, kikalegea, na namba zikajitokeza: mia na tisini juu, mia na kumi na tano chini.

"Kwa presha hii sing'oi," akasema daktari wa meno, mwanamke asiyependa maneno mengi. "Dawa zako za presha unakunywa?"

"Kila asubuhi, daktari. Sikosi."

"Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?"

"Hakuna," akajibu shujaa, na kwa neno hilo moja akawa ameshindwa vita kabla hajapanga jeshi.

Kwa maana katika mfuko wa shati, juu ya moyo ule ule uliokuwa ukilalamikiwa, vilikaa vidonge vya diklofenaki alivyojinunulia duka la dawa na kuvitafuna kama karanga. Radi hakuviita dawa. Dawa, kwa elimu yake, ni kitu kilichoandikwa na daktari kwa mwandiko usiosomeka. Hivi vilikuwa vya kutuliza maumivu tu. Hivyo jino likauma, akameza. Alipomeza, presha ikapanda. Ilipopanda, jino halikung'olewa. Na kwa kuwa halikung'olewa, likauma, akameza.

Shujaa asiyemwona adui huwa hakosi wa kumpiga. Radi akarudi nyumbani akaitangazia vita chumvi. Akaingia jikoni, mahali asipopajua vizuri, akaliteka kopo la chumvi na kulifungia kabatini pamoja na nyundo yake ya mnada.

"Baba, mchuzi huu hata paka kaukataa," akasema mkewe.

"Paka hana presha," akanena Radi. "Historia haitamkumbuka paka."

Akarudi kliniki. Namba zikawa karibu zile zile, ila ya juu imeongezeka kidogo. Akailaumu mashine. "Mashine kama hii nimeuza mimi," akamwambia muuguzi, "nazijua. Ukiifunga kwenye mguu wa meza itakusomea mia na tisini." Akakilaumu kiti, akalaumu rangi ya ukuta. Alipoulizwa kuhusu dawa nyingine, akajibu tena, "Hakuna," kwa sauti iliyosikika barabarani.

Safari ya tatu mkewe akafuatana naye. Huyu ndiye aliyefua mashati yote ya shujaa, na kutoka mifukoni alikuwa ametoa karatasi tupu za vidonge hadi akachoka. Mnada ulikuwa umebakiza siku kumi. Daktari akauliza swali lake. Radi akafumbua kinywa.

"Hakuna."

"Mara ya kwanza," akasema mkewe, akitazama dirishani.

Radi akageuka. "Mama, hapa si mnadani."

"Mara ya pili."

Hakuna aliyejua kuliko Radi kinachofuata hapo: mara ya tatu, na nyundo. Akasimama, mkono mmoja ungali umefungwa kitambaa cha mashine, akanena kama anayeaga ulimwengu: "Daktari! Mbele yako amesimama mtu asiyejua woga. Vidonge ninavyo. Lakini si dawa! Ni vya kutuliza!"

"Vingapi kwa siku?"

"Inategemea hasira za jino."

Daktari akanyoosha mkono, akapokea. "Hivi vinafanya figo zishike maji na chumvi, na mishipa inabana. Tena vinazipunguzia nguvu dawa zako za presha. Asubuhi unaishusha, kutwa unaipandisha. Viache. Meza parasetamo ya kawaida, usizidishe kipimo, na si ile ya kuyeyuka kwa povu, ina chumvi. Za presha endelea nazo. Njoo wiki ijayo."

"Kwa hiyo mchuzi wangu haukuwa na kosa?" akauliza mke.

"Kupunguza chumvi ni vizuri, mama. Hilo aendelee nalo."

Mke akamtazama daktari kama aliyesalitiwa na jeshi la upande wake.

Wiki ikapita, namba zikashuka hadi mia na arobaini na kitu, koleo likaingia, na gego likatua kwenye bakuli la chuma kwa mlio usiomwamsha hata mtoto mchanga. Siku ya mnada Radi aliuza vitanda vyote vya hoteli ile, na Kasuku akambebea viti.

Basi wachonga sanamu na wachonge, na wenye kalamu wasilale. Kwa maana katika zama zetu aliishi mtu mzima, mwenye akili timamu na sauti ya kufika mtaa wa pili, aliyeulizwa swali moja mara tatu, na mara ya tatu akalijibu.