Tanzia ya Fundi Mwinjuma

Jumatatu, 7 Juni 1954
Somo la saba limefika kwa posta! Kozi ya uandishi wa habari, yote Kiingereza. Mhariri wa gazeti la wiki katuambia, mie na Gaudens wa darasani kwetu: atakayetangulia kuleta habari ya kuchapishwa ndiye mwandishi wake wa Temeke. Gaudens huhoji watu hata wakiwa wanakula. Mie nikitamka shikamoo tu, jasho. Lakini somo linasema magazeti makini huandika tanzia za wakubwa wangali hai, wakaziweka akiba. Marehemu hahojiwi. Kazi yangu hii.

Jumanne, 8 Juni
Mkubwa wa mtaa wetu ni Fundi Mwinjuma, mshonaji. Nimemchungulia saa nzima bila kumsemesha. Nimeandika: “Marehemu alikuwa fundi hodari wa kaptula.” Tarehe nimeiacha wazi. Sina haraka. Karatasi nimeificha mfukoni mwa sare ya shule, upande wa kulia. Hapagusi mtu.

Alhamisi, 10 Juni
Ole wangu. Mama kapeleka sare ikashonwe pindo. Kwa nani? Kwa Fundi Mwinjuma! Kaikuta karatasi. Yeye husoma herufi za Kiarabu tu, akampa mteja amsomee. Mteja mwenyewe Gaudens. Kasoma kwa sauti, baraza nzima inasikiliza. Bi Somoe, mke wa fundi, kaangua kilio, na mumewe kaketi palepale, sindano mdomoni.

Jioni nikapelekwa kuomba radhi. Nilitazama makubazi miguuni mwa fundi tu, nangoja kuitwa mchawi. Fundi akaikunjua karatasi yangu.

“Kufa nitakufa, binti. Lakini miaka thelathini nashona kanzu, wewe unanizika na kaptula?”

Nimeahidi kusahihisha.

Jumamosi, 12 Juni
Gazeti limetoka. Kichwa cha habari: “Fundi asomewa tanzia yake akiwa hai!” Chini yake: Gaudens, mwandishi wetu wa Temeke. Marehemu ni wangu, jina lililochapwa ni la Gaudens! Fundi kanunua nakala mbili na kumsifu Gaudens mbele yangu, eti yeye kataja kanzu. Nakiri, nimelia chooni.

Jumapili, 13 Juni
Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa natafuta kosa langu. Nimelipata: niliandika habari za mtu nisiyemjua vizuri. Basi leo nimemwandika ninayemjua. “Marehemu Gaudens alivuma wiki moja.” Tarehe nimeiacha wazi.

Mama kaja kuchukua sare, pindo limefumuka tena. Anaipeleka kwa fundi kesho asubuhi. Sina wasiwasi. Safari hii karatasi iko mfuko wa kushoto.