Kocha wa Kukaa Karibu

Siku Dastan aliposikia kuna watu wanalipwa kwa kukaa, chai ilimpalia. Wasomi wawili wa meza ya jirani, pale sokoni Bukoba, walikuwa wanamsifu kocha wa watu wenye ADHD, wale ambao akili inawaruka huku na huku, kazi kumi zinaanza na haiishi hata moja. Kocha hukaa karibu na mtu mpaka amalize alichoanza.

"Kumbe!" Dastan akajisemea. Miaka thelathini na minne amekuwa akikaa bure!

Kufika adhuhuri alishajichapishia cheti cha kimataifa, mihuri miwili na picha ya tai. Chumba alichouzia dawa ya mende kikapata kibao kipya. Wenye hali hiyo kweli wanahangaika, na Dastan hakumjua hata mmoja wao, ila usingizi haukumpotea kwa hilo.

Mteja wa kwanza alikuwa Ma Immakulata, mjane kutoka kijiji cha Kimwani, Muleba, mwenye shamba kubwa la kahawa na uso wa mtu anayetoka kuungama.

"Waitu kocha," akaanza kwa heshima ya kwao, "naanza kupalilia migomba, naona kuni. Nikishika kuni, nakumbuka kahawa. Jua linazama sijamaliza kitu."

"Dalili zote, mama! Ada yangu magunia matatu ya kahawa."

"Utayapata kazi ikiisha. Ila nyie wa mjini mna mbio. Niwekee rehani cheti na ufunguo wa ofisi. Ukiondoka hujamaliza, ni vyangu."

Dastan akasaini, anacheka kimoyomoyo.

Huko Kimwani, Ma Immakulata alichuma kahawa kiganja kimoja, akaduwaa. "Akili imeruka, kocha. Endelea kidogo, nikikutazama itarudi." Akaketi kivulini, anatafuna buni zake za kahawa kavu taratibu. Jioni akasikitika: "Leo nilikaribia!"

Ikawa hivyo kila siku. Dastan akachuma, akaanika, na wingu likitokea ziwani akakimbia kuanua. Siku ya tano alipogoma, mama akashangaa: "Kocha ukiacha wewe, mimi nitaiga kwa nani?"

Siku ya tisa kahawa yote ilikuwa ghalani. Dastan akadai magunia yake.

"Bado migomba, waitu."

Ekari tatu za magugu! Dastan akatazama viganja vyake, machozi yakamlengalenga, akadandia bodaboda.

Wiki nzima alijificha Kemondo akiuguza malengelenge. Aliporudi Bukoba alikuta foleni mlangoni kwake. Ndani, nyuma ya meza yake na chini ya cheti chake, kaketi Ma Immakulata. Jina la Dastan kwenye cheti limefunikwa kwa karatasi.

"Karibu mwanangu. Una shida gani?"

"Mama, wewe ni tapeli!"

"Hasira za haraka," mama akaandika. "Tena kazi ameanza, hakumaliza. Dalili zote."

Foleni ikaguna kwa huruma. Mama akamnong'oneza: "Magunia yako matatu yapo, sijayagusa. Ni migomba tu."

Dastan alijua anachezewa. Alijua kabisa. Akatoka kifua mbele, akamuuliza mtu wa kwanza kwenye foleni basi la Muleba linaondoka saa ngapi.