Kuhusu Tundu la Paa Lililofanywa Bomba la Mtaa

Likasi, tarehe 9 Februari 1995

Kwa Bwana Mkuu wa Ofisi ya Makazi ya Wafanyakazi

Bwana Mkuu mheshimiwa,

Ninakuandikia nikiwa jikoni, kwa kuwa sebuleni mwangu hakuna nafasi. Mimi ni Athanase Kisimba, msimamizi mstaafu wa karakana, mpangaji wa nyumba pacha ninayogawana ukuta na paa na Bwana Casimir. Mke wangu Marceline anakusalimu, ingawa alitaka salamu zake zingoje mpaka paa lizibwe.

Mvua za mwaka jana zilipoanza, bati letu lilitoboka mahali ambapo miteremko ya paa inakutana. Niliomba fundi. Ofisi yako ilinijibu kwa tangazo lililobandikwa mlangoni mwangu, lenye kichwa "Mbinu Mpya za Utunzaji wa Nyumba", likieleza kwamba tangu sasa mpangaji si mtu wa kutunziwa nyumba bali ni mshirika katika kuitunza. Nilikubali ushirika. Niliweka beseni. Malalamiko yangu yanaanzia kwenye beseni hilo.

1. Kama ujuavyo, mabomba ya mtaa wetu yamekauka. Paa zima linapomwaga maji yake katika tundu moja, Bwana Mkuu, maji hushuka kwa nguvu ambayo hatujaiona tangu siku mishahara ilipokuwa ikilipwa. Mama Adrienne, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliliona beseni likijaa kabla sijamaliza kuvua kofia. Aliomba ndoo moja nami nikampa. Kesho yake alikuja na dada zake, na dada zake walikuja na mapipa.

2. Sasa mtaa mzima huchota kwangu. Maji yanaanguka hata kwenye vipenu vyao, lakini huko mchotaji hulowa. Kwangu huchota akiwa mkavu, ameketi kwenye kiti changu. Wingu likitokea upande wa ziwa Tshangalele, sebule hujaa kabla tone la kwanza halijaanguka. Mvua ikichelewa, ninaulizwa mimi: "Papa Athanase, mvua iko wapi? Siye tuko mu mustari tangu asubui!" Ikinyesha, ninaulizwa tena: "Papa, leo maji iko na kutu. Mulifanya nini kule juu?" Sijafanya lolote kule juu. Hakuna aliyefanya lolote kule juu, na hicho ndicho ninachokilalamikia.

3. Foleni haina adabu. Juzi tu wanawake wawili walishikana vitambaa vya kichwa mbele ya picha ya ndoa yetu. "Weye, hapana kupita mbele yangu! Minye nilifika pamoja na mawingu!" Nimelazimika kuweka utaratibu: kwanza wajane, kisha wenye watoto wachanga, kisha wenye kelele, ili waondoke mapema. Kazi hii hainipi hata muda wa kunyoa ndevu.

4. Mkaguzi wako, Bwana Séraphin, alikuja kukagua uharibifu. Hakutazama juu hata mara moja. Aliona foleni, sakafu iliyofagiliwa na ndoo zilizopangwa, akaandika kwamba nyumba yangu ni "kielelezo cha ubunifu", kwa sababu wapangaji wamejipatia huduma bila Ofisi kutumia hata msumari. Kisha akaleta wageni kutoka Lubumbashi. Siku hiyo jua lilikuwa linawaka. Wageni walilitazama tundu, na tundu likawatazama. Bwana mmoja mwenye tai aliuliza kama linaweza kuonyeshwa likiwa kazini. Bwana Séraphin alipanda juu ya paa na ndoo, akamimina. Wageni walipiga makofi. Yale yalikuwa maji yetu ya kunywa.

5. Likafuata tangazo la pili: kila barabara iwe na tundu lake moja. Nimeagizwa nimshauri Mama Blandine, anayeishi barabara ya nyuma, mahali pa kutoboa, kwa kuwa paa lake, kwa mujibu wa tangazo, "kwa bahati mbaya bado ni zima".

6. Na sasa tangazo la tatu. Linasema kwamba sebule yangu ni kituo cha maji cha umma, na kwamba si jambo la afya watu kuishi katika kituo cha maji. Kwa hiyo mimi na Marceline tuhamie Buluo kabla ya Pasaka, katika chumba kinachotazamana na gereza. Bwana Mkuu, watoto wetu wote walizaliwa katika nyumba hii. Mmoja wao tulimzika tukitokea mlango huu. Marceline ameanza kufungasha sufuria. Sisi tulikuwapo kabla ya tundu. Kama kuna wa kuhama, basi ni tundu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima yote: paa lizibwe, amri ya kuhama ifutwe, na sebule yangu irudi kuwa mahali ambapo mtu anaweza kukohoa bila kuambiwa "pole" na watu wasiopungua kumi.

Wasalimie makarani wako wote, mlinzi wa lango, na Bwana Séraphin, ambaye bado ana ndoo yetu.

Ni mimi, mshirika wako katika utunzaji,

Athanase Kisimba

N.B. Barua hii ilikuwa bado haijapata mtu wa kuipeleka, wakati fundi wenu alipofika leo asubuhi, akaziba tundu. Ni fundi hodari. Mchana mvua ilinyesha. Maji yalikosa njia, yakateleza upande wa pili, yakatokea sebuleni kwa Casimir. Mtaa wote umehamia huko. Kupitia ukutani nasikia wakimwita "Président". Hana utaratibu wowote, wajane wanasukumwa. Marceline na mimi tumekaa pakavu, tukitazamana. Hakuna aliyekuja kuniuliza mvua iko wapi. Nilipokwenda na ndoo yangu, Casimir aliniambia, "Papa, songa nyuma kidogo, uko unafunga mulango."

Yote niliyoandika hapo juu nayafuta. Nirudishieni tundu langu. Habari ya Buluo tutaizungumza. Nyundo ninayo, naomba ngazi tu.