Amplifaya ya Nyumba Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Nina miaka sabini na tisa. Nimemzika mke wangu Bianglin. Nimezika watu watatu wa bendi yetu, Misonobari Mitano. Nimezika na madaktari wawili walionikataza tambuu. Juzi amplifaya yangu nayo ikatoa moshi, ikafa. Mimi bado nipo. Gitaa langu bado lipo.

Asubuhi kapita mkuu wa mtaa, Wandor, tunayemwita Bah kwa heshima. Kasema tamasha ni Jumamosi na zamu ya mwisho ni ya Misonobari Mitano, yaani sisi wawili tuliobaki. Lakini kila mtu aje na amplifaya yake. Asiye nayo akae chini, zamu yote apewe Phlastone.

Phlastone! Huyo kwetu alikuwa anapiga besi. Nyuzi nne tu na bado alikuwa anapotea. Sasa uzeeni kahamia gitaa, naye eti fundi. Ni kaka wa marehemu mke wangu, yaani shemeji, ndiyo maana hajawahi kupigwa. Na anataka kupiga "Mvua ya Bianglin". Wimbo niliomtungia mke wangu mimi, kwa mkono huuhuu! Yeye anajibu kuwa ni wimbo wa dada yake.

Tutaona nani atakaa chini.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Hela sina. Akili ninayo.

Nyumba ninayolala ilikuwa ya mke wangu, sasa ni ya Daphi, binti yetu wa mwisho, maana kwetu nyumba hurithiwa na binti wa mwisho. Humo mimi ni baba tu. Naulizwa kama nimeshiba, basi. Neno zito humo ni la mjomba, na mjomba ndiye huyohuyo Phlastone. Lakini kwa dada yangu, ng'ambo ya mji, mjomba ni mimi. Nikikohoa watu wanasimama.

Nikaanza kwa Daphi. Kaniuliza, Baba, umri huo na makelele hayo ya nini? Nikamwambia baada ya tamasha amplifaya itabaki sebuleni kwake, kina mama wa kwaya waitumie. Akalainika. Akatoa rupia elfu nne.

Kisha kwa mpwa wangu Kitbok. Nikakohoa. Nikamwambia mali ya mwanamume hurudi nyumbani kwa mama yake, na baada ya tamasha amplifaya itakaa hapa milele. Kaniambia, Mjomba, wewe sema tu. Naye elfu nne.

Hakuna aliyeuliza habari za mwenzake. Ningekuwa waziri nchi hii ingenyooka.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Nimekwenda Police Bazar kwenye duka la vyombo vya muziki. Muuzaji ni dada mwenye kucha ndefu za zambarau. Kanionyesha moja mpya, wati ishirini, bei inaingia kwenye mfuko wangu na chenji inabaki. Nikainyanyua kwa mkono mmoja! Nikamuuliza hiki ni amplifaya au kikapu cha mayai? Kasema, babu, za siku hizi ni nyepesi, sauti ni hiyohiyo, ijaribu kwanza. Nikakataa. Mimi nimepiga gitaa tangu bibi yake hajatoboa masikio. Amplifaya inapimwa kwa mgongo, haipimwi kwa sikio. Ile yangu iliyokufa ilimvunja nyonga mpiga ngoma wetu, na hapajatokea sauti kama ile.

Kanipa kadi ya duka. Nimefungia tambuu.

Nikashuka soko la Iewduh, kwa wauza vitu vilivyotumika. Pale nikaiona. Nyeusi. Pana kama kabati la sahani. Nikaivuta, haikusogea hata inchi. Nikasema hii ndiyo!

Muuzaji akauliza kama nataka kuisikia. Nikamwambia asinifundishe kazi. Nimemaliza hela yote, pamoja na nauli. Wapagazi wawili wameileta na wote wawili wamenitukana.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Jana mgongo. Leo nimeiwasha.

Gitaa langu lina sauti ya ndege. Ndani ya kitu hiki limetoa sauti ya nyati aliyetumbukia kwenye pipa. Vikombe vya Daphi vimetembea mezani. Jirani kaja mbio kuuliza kama ni tetemeko. Nikamwambia ni muziki, arudi kwake.

Haijazoea mkono wangu tu.

Nikaona upande wa nyuma, chini kabisa, mtu kachora msonobari wa manjano wenye matawi matano. Alama ya bendi yetu! Kumbe tuna mashabiki hadi leo, wanachora mpaka kwenye mali zao. Nimefuta kamasi. Bianglin angefurahi.

Shida moja. Kuifikisha uwanjani kunahitaji wanaume wawili wenye nguvu. Nimewaagiza mume wa Daphi na Kitbok waje kesho saa tisa alasiri.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Siku mbaya.

Wameibeba vizuri mpaka getini mwa uwanja. Hapo Kitbok kamwambia mkwe wangu, shemeji, polepole, usinikwaruzie amplifaya yangu. Mkwe wangu kacheka. Yako tangu lini? Hii ya mke wangu, kailipia. Kitbok kasema kailipia yeye. Daphi akatokea na sahani ya wali wa nguruwe mkononi, akauliza nani kalipia nini. Wote wakanigeukia mimi.

Nikakohoa. Hakuna aliyesimama, walikuwa wamesimama tayari.

Daphi kasema, Baba, umenidanganya ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kitbok kasema, Mjomba, na mimi nimewaambia marafiki zangu wote! Mkwe wangu kavuta huku, Kitbok kavuta kule. Isingekuwa nzito wangeipasua.

Bah Wandor akaja na funguo. Kasema ugomvi wa koo mbili utaamuliwa na wajomba wa koo mbili, na hadi hapo kitu kinakaa ofisini kwa mtaa. Akaifungia. Nusu saa kabla ya zamu yangu!

Phlastone alikuwa jukwaani keshaunganisha waya zake. Cha kwake ni kidogo kama kikapu cha mayai. Akaniita kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wote. Shemeji, njoo uchomeke hapa kwangu, ina matundu mawili, tumpigie dada pamoja.

Watu wakapiga makofi. Daphi alikuwa ananiangalia. Alikuwa ameacha kukasirika, nilimwona.

Nikasema sichomeki kwa mpiga besi.

Nikaenda nyuma ya uwanja, karibu na mama muuza tambuu, Kong Silda, nikaupiga wimbo wangu bila umeme. Phlastone akaupiga na umeme. Nilisubiri akosee pale panapopanda, pale ambapo Bianglin alikuwa anafumba macho. Hakukosea. Daphi kalia. Uwanja mzima ulisimama.

Kapiga haraka mno lakini.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Baada ya ibada, kikao. Wajomba wa koo mbili ni mimi na Phlastone. Nilikuwa mshitakiwa, shahidi na hakimu, na bado nimeshindwa.

Phlastone alipoiona amplifaya alicheka mpaka akashika ukuta. Kasema, Bah Swerling, hii yangu! Ya besi! Niliiuza mwaka jana kwa sababu ya uzito, mgongo umekwisha. Akaonyesha msonobari wa manjano, kauchora mwenyewe. Ataichukua kwa bei ileile, Daphi na Kitbok warudishiwe chao. Akaongeza kwamba niende kwake siku yoyote nipige, tundu la pili lipo.

Nikamwambia labda kwenye mazishi yake.

Daphi hajanisemesha. Kaniwekea chakula, hakuniuliza kama nimeshiba.

Lakini kosa nimeliona. Nilimwambia kila mmoja kuwa ni yake. Ilitakiwa nimwambie Daphi ni ya Kitbok, na Kitbok ni ya Daphi, hapo nani angegombania? Nilipotoka kikaoni nilipita Iewduh. Ipo nyingine, ya kijivu. Wanaume watatu hawaiinui. Sikuijaribu, haina haja.

Na atakayesema kwamba jana Swerling hakupiga "Mvua ya Bianglin", akamuulize Kong Silda. Kanisikia mwanzo hadi mwisho. Nilikaa upande wa sikio lake zima.